Barua ya Shanga Iliyogongwa Muhuri

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu yake, saa moja asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa karakana yetu hapa Lodwar, kikombe cha chai mkononi, nikishangaa kwa nini hamjafungua. Mlinzi aliniangalia kwa huruma. Mlipofika mlicheka mpaka mmoja wenu akaegemea ukuta, kisha mkanipa daftari na kalamu. "Mama Ekai, kama nyumbani kumekushinda, kaa hapo kwa benchi uandike vile kazi ilikuwa." Basi naandika. Vyeo na mshahara sitavitaja. Havijawahi kumpendeza mtu shingoni.

Niliingia kazi hii baada ya ukame kutumalizia mbuzi. Mume wangu alikwenda kutafuta kibarua cha ujenzi, nami nikasikia kwamba nyuma ya kanisa kuna chumba cha mabati ambako wanawake wanashona shanga na kuziuza. Nilijua shanga tangu utotoni kama kila msichana wa Kiturkana anavyozijua. Nilidhani ningefika siku ya kwanza na kuwafundisha wengine.

Aliyenipokea ni Ata Nabwel. Ata ni bibi kwa lugha yetu, na hata wakati ule, kabla nywele zake hazijawa nyeupe, kila mtu alimwita hivyo kwa sababu ya jinsi alivyoangalia watu. Nilimsalimu, "Ejok." Alichukua mikono yangu, akaigeuza, akaangalia vidole, akasema, "Hii ni mikono ya kukamua ngamia." Kisha akanipa gunia la shanga zilizochanganyika na kuniambia nitenganishe rangi. Nilitenganisha rangi siku nne. Nilikuwa nikilala naona nyekundu.

Siku ya tano niliruhusiwa kushika sindano. Nilikuwa nimekaa mlangoni, trei ya shanga nyekundu magotini, upepo wa mchana ukaja kama unavyokuja hapa kwetu, bila hodi. Trei ilipinduka. Kuku wa mchungaji walikuwa karibu, na kuku akiona kitu chekundu kinachometa hajiulizi mara mbili. Kabla sijasimama walikuwa wamekula nusu. Niliwafukuza kuku wale kuzunguka kanisa mara tatu, wanawake wenzangu wakiwa wameanguka kwenye mikeka kwa kicheko. Mchungaji alitoka kuuliza kama kuna nyoka.

Ata Nabwel hakucheka. Alizungumza na mchungaji kwa upole, akamchagua kuku mmoja, yule aliyekula zaidi, akamchinja. Tulipopasua firigisi tulikuta shanga zetu zimesuguliwa na mchanga mpaka zinang'aa kuliko zilivyotoka dukani. Ata alizishika kwenye kiganja, akazigeuzageuza juani. "Kesho," akasema, "tena mwaga kidogo." Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepata mwalimu.

Mengi niliyowafundisha nyinyi yalitoka kwake. Ncha ya uzi ipitishwe kwenye nta ya mshumaa ili iwe ngumu kama sindano ya pili. Ngozi ya mbuzi iwambwe kwa vigingi, ikwanguliwe, isuguliwe mafuta, halafu ikauke kivulini, kwa sababu ikikaukia juani itajikunja na kumkaba mteja. Sufuria kuukuu ni mali: iyeyushe, mimina kwenye mfereji wa mchanga mkavu, ipige nyundo, ipitishe tupa, na una bangili. Mchanga ukiwa na unyevu alumini hurukia mtu usoni. Nina alama chini ya kidevu. Ndiyo ile mnayodhani ni ndui.

Miaka ya kwanza tulitengeneza vitu vidogo vya wageni waliokuwa njiani kwenda ziwani, Eliye Springs. Vikuku vyembamba, vipuli, vitu vya kuingia mfukoni. Ata aliviita kamba za mbuzi. Mambo yalibadilika siku alipoingia Akai.

Akai alikuwa msichana wa hapa aliyekwenda chuo kikuu na kurudi na digrii, akaajiriwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Siku hiyo alikuja amevaa suti ya kijivu na amekasirika. Mkubwa wake alimwambia avue mkufu wa shanga aliopewa na mama yake, kwa sababu hayo si mavazi ya ofisini. Alitaka tumtengenezee kitu kingine.

"Kidogo tu, mama," aliniambia. "Kiingie ndani ya kola ya shati. Kisionekane sana."

Nilikuwa tayari nimechukua uzi. Ata Nabwel aliuondoa mkononi mwangu.

"Huyo mkubwa wako," alimwuliza Akai, "yeye anavaa nini kwa shingo?"

"Tai."

"Inaonekana?"

"Inafika mpaka kwa tumbo."

"Basi yako ifike kwa mabega."

Tulikaa na kazi hiyo wiki mbili. Tuliweka ngozi ngumu chini, safu za shanga nyeusi na nyeupe zikipanda kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, na mbele vipande vya alumini nilivyovifua mwenyewe, vikining'inia kama majani. Mtu akiuvaa hawezi kuinama kama mtumwa. Shingo inakataa. Akai aliuvaa juu ya suti ile ile ya kijivu, akatembea kutoka karakana hadi ofisini kwa miguu, sokoni katikati, huku vipande vikilia kwa kila hatua. Wauza samaki walisimama. Mzee mmoja alimvulia kofia, na yule mzee hata mbunge hajawahi kumvulia.

Tulingoja habari. Saa saba Akai alipiga simu.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Alifungua mdomo, akaangalia, akafunga. Halafu akaniuliza kama tunatengeneza za wanawake wa miaka hamsini, ya mke wake."

Wiki hiyo walikuja wanawake watatu kutoka ofisi ile ile, kisha mwalimu, kisha muuguzi. Hatukushona tena kamba za mbuzi. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikikimbilia kazini kama mtu aliyealikwa harusi kila siku.

Baadaye nilitumwa Kakuma, kwenye kambi, kuanzisha tawi, Waturkana na wakimbizi wakae pamoja wajifunze. Ata alikuja nami ingawa hakuna aliyemtuma. Siku ya kwanza Waturkana walikaa mkeka mmoja, Wakongo na Warundi mkeka mwingine, na katikati palibaki mchanga mtupu ambao hata mbuzi aliyepita aliuzunguka. Walikuwa wamegombana kisimani juma lililotangulia. Nilifundisha nikiwa nimesimama kwenye mchanga huo, nikigeuza kichwa kushoto na kulia mpaka shingo ikaniuma.

Aliyeuvuka ni Furaha, mama kutoka Kongo, fundi cherehani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa na madebe matupu ya mafuta ya kupikia, yale ya mgao, na makasi ya bati. Aliyakata akatoa ndege, pembetatu, miezi midogo, akasugua kingo mpaka zikawa laini, akaja kuvimwaga vyote mbele ya Ata Nabwel.

"Bibi, angalia bintu bya mimi. Na mi nataka kujua shanga."

Ata aliinua pembetatu moja, akaiuma kwa meno ya pembeni. "Unakata hii na nini?" Akavuta mkeka wake sentimita chache kupisha. Wanawake wa nyuma wakaona, wakaanza kusogea. Kufikia adhuhuri mikeka ilikuwa imegusana, na mtu mmoja alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba mwenzake anamkalia nguo. Nikajua mambo yamekuwa mazuri.

Miezi kadhaa baadaye Furaha alimaliza mkufu wake mkubwa wa kwanza. Aliushika mkononi bila kuuvaa.

"Bibi, minaweza kuvaa hii? Ni ya kwenu. Sitaki batu baseme naiba."

"Umeshona wewe?"

"Njo, ni mimi."

"Imekudunga kidole?"

"Sana."

"Vaa. Lakini mtu akiuliza, sema ni ya Waturkana, na utaje jina ya mwenye alikufundisha."

Furaha aliuvaa, na tangu siku hiyo mtu yeyote aliyemsifia alisomewa jina la Ata Nabwel, kijiji chake na ukoo wake, hata kama alikuwa amesifia akiwa mbioni.

Sasa nifike kwenye ile kazi mnayoniuliza kila mara. Kuna laga moja, mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha, katikati ya Lodwar na Kakuma ambako watu wa kwao Ata wamechimba visima vya mchangani tangu zamani. Laga hiyo inazunguka kilima kidogo karibu pande zote. Mwaka mmoja kabla sijastaafu, tajiri mmoja aliomba kujenga nyumba za wageni kwenye kilima hicho, na ghafla vigingi vyekundu vikaonekana vimepigwa mpaka ng'ambo ya laga. Visima vyote vilikuwa ndani. Wanawake waliambiwa watafute maji kwingine. Kwingine huko ni nusu siku na punda, na punda mwenyewe awe na moyo.

Akai aliandika barua kwa niaba yetu kwenda ofisi ya ardhi. Ikapotea. Akaandika ya pili, tukaambiwa haijafika. Ya tatu aliipeleka mwenyewe, na aliporudi baada ya wiki kuulizia aliiona kwenye meza ya karani, imewekewa chupa ya chai juu yake. Karani alimwambia, akiwa ameinua chupa kumimina, kwamba haijafika.

Alitusimulia hayo karakanani kwa hasira. Ata Nabwel alisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi ni nyepesi," alisema. "Hawa watu waandikiwe kitu kizito."

Tulikwenda lagani tukiwa tisa, na kamba yenye mafundo. Tulipima kutoka kisima hadi kisima, hatua kumi shanga moja. Ata hakuweza kutembea mbali, kwa hiyo alikaa juu ya punda akituambia kisima kipi hakikauki mwaka mzima, kipi kinakauka Januari, kipi ni cha ngamia na kipi cha watoto. Laga tuliishona kwenye mkufu kwa shanga nyeupe. Visima vya kudumu vikawa vya bluu, vya msimu vyeusi, njia za mifugo kahawia. Mstari wa vigingi tuliushona kwa nyekundu, ukikata bluu zote. Furaha alining'iniza pembetatu za debe kwenye ukingo, moja kwa kila kijiji kinachokunywa hapo. Na kwa kuwa laga inazunguka kilima, ukiuvaa mkufu ule shingo yako ndiyo kilima. Tulipogundua hilo tulicheka mpaka punda akaondoka na Ata mgongoni.

Ulikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Tulipiga kura nani auvae, na wote wakanichagua mimi kwa sababu ya shingo yangu fupi na nene, ambayo maisha yangu yote nilidhani ni kasoro.

Siku ya kikao cha kujadili ombi la yule tajiri tulifika ofisi ya ardhi, sisi tisa tumepambwa, na Akai na suti yake. Mlangoni alikuwepo askari na kile kifimbo cha kutafuta vyuma. Alikipitisha kwa Ata Nabwel kikalia. Akakipitisha tena kikalia zaidi.

"Mama, toa hiyo chuma ya shingo."

Ata alikuwa amevaa alagama, ile pete nene ya chuma anayovishwa mke siku ya ndoa. Nusu yetu tulikuwa nazo.

"Hii inatoka siku bwana anakufa," alisema Ata. "Bwana yangu ako nyumbani. Nimemwacha anakunywa uji."

"Ni sheria, mama. Chuma haiingii."

"Sawa. Andika jina yako kwa kitabu, uandike saa, uandike wewe ndio ulimuua. Halafu hawa pia, wako na mabwana. Utazika watu watano leo."

Askari alituangalia mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa huku, alijua. Kifimbo kilikuwa bado kinalia mkononi mwake. "Hii mashine imeharibika," alisema mwisho, akakizima. "Pitieni."

Ndani, mkubwa wa ofisi alikuwa amekaa na mwakilishi wa yule tajiri. Alivaa miwani, akapekua faili. "Malalamiko yenu sijayaona. Barua iko wapi?"

Nilisimama, pembetatu zikalia.

"Ndiyo hii, mheshimiwa. Nimeivaa."

Yule mwakilishi akasema hayo ni mapambo. Akai akamjibu bila kupandisha sauti kwamba hakuna mahali alipoona imeandikwa lalamiko lazima liwe la karatasi, na kwamba ya karatasi iko chini ya chupa ya chai, ghorofa ya chini, meza ya pili. Mkubwa alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akainuka. "Nisomee," akasema.

Nilimsomea. Nilianza bega la kulia, kisima cha kwanza, na kwa kuwa sikuweza kuona mgongo wangu ilibidi nigeuke polepole huku yeye akinizunguka, kidole hewani, akisoma. Tulizunguka hivyo kama watu wanaocheza ngoma. "Na hii nyekundu?" aliuliza. Nikamwambia ni vigingi. Alihesabu bluu zilizo ndani ya nyekundu. Alihesabu tena. Kisha alivua miwani na kumgeukia yule mwakilishi.

"Tunaomba ipokelewe rasmi," alisema Akai. "Na muhuri."

Katibu aliletwa na muhuri wake. Alitafuta pa kugonga, shanga kila mahali. Furaha akamwambia, "Dada, pindua, kuna ngozi." Niligeuka, wakainua ukingo wa nyuma, na muhuri wa IMEPOKELEWA ukagongwa kwenye ngozi ya mbuzi, mimi nikiwa bado ndani yake. Alilazimika kugonga mara tatu, na mimi nina kitekenyo. Nilicheka mbele ya serikali. Katibu naye akashikwa, kisha ukumbi mzima. Mkufu haukuingia kwenye kabati la faili, kwa hiyo waliutundika ukutani, na nikatoka nje shingo nyepesi, nikihisi kama ningeweza kuruka.

Wiki zilipita. Nilianza kuamini kwamba hata kitu kizito kinaweza kupotea. Kisha, katika mwezi wangu wa mwisho kazini, tuliitwa lagani. Mpima ardhi alikuwa ametumwa kukagua, kijana mrefu, mgeni kwa jua letu, na alikuja na vyombo vyake na mkufu wetu ndani ya katoni. Alijaribu kuushika mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, ukamshinda. Mwishowe aliuvaa juu ya fulana yake ya kazi. Ata Nabwel alimshika kiuno akamgeuza mpaka bega lake la kulia likaelekea kisima cha kwanza.

"Sasa tembea," akamwambia.

Alitembea. Shanga nane, hatua themanini, kisima. Alisimama akatazama chombo chake, akatazama mkufu, akatikisa kichwa. Shanga kumi na mbili, kisima. Kila alipokipata alitabasamu zaidi, na kufikia kisima cha tano alikuwa anakimbia, pembetatu zikipiga kelele, sisi nyuma yake tukishangilia na punda akitufuata. Alisema hajawahi kufanya kazi na ramani inayolia. Kila mahali muhimu alipiga kigingi cheupe, akaandika kwenye kitabu chake.

Halafu akasimama katikati ya mchanga mtupu, akiwa ameshika ukingo wa mkufu karibu na macho.

"Hapa kuna shanga moja ya njano," alisema. "Ni moja tu, kwenye hizi nyeupe. Hii ni ya nini?"

Sikuwa nimewahi kuiona. Ata Nabwel aliangalia mbele kwa heshima kubwa.

"Hapo ni mahali muhimu," alisema.

Kijana aliandika: alama ya jadi. Akachukua nyundo. Nilihisi Furaha akinisogelea sikioni.

"Mama Ekai," alinong'ona, "nyeupe ilikuwa imekwisha. Minaliweka tu ile."

Ilinibidi niiname nijifanye natafuta kitu kwenye kiatu. Kijana alipiga kigingi kile kwa nguvu kuliko vyote, akakipaka rangi mara mbili. Ripoti yake ilipotoka, mstari ulirudishwa juu kilimani. Visima vyote vilibaki wazi, na njia za mifugo, na sehemu ile ya njano pia, pamoja na nafasi kuizunguka, ili isisumbuliwe.

Nilipita huko juzi. Kigingi kipo. Mbuzi wanajikunia hapo, na akina mama wanaotoka mbali wanatua mitungi kando yake na kupunguza sauti kidogo kabla ya kuendelea na safari. Mmoja aliniambia nyanya yake alikuwa anaiheshimu sana sehemu hiyo. Nilimwambia ni kweli, hata mimi nimesikia.